Tetesi za Simu Mpya: Jinsi ya Kuzipima Kabla Hujatoa Hela

Kila ikifika Julai au Agosti napokea ujumbe wa namna moja kutoka kwa ndugu na marafiki: "Kaka, ninunue hii sasa hivi au nisubiri ile inayokuja?" Anayeuliza ameshatazama video tatu nne, ameambiwa simu ijayo itakuwa na betri ya siku mbili na kamera ya kuona hadi mwezini, na hela aliyonayo inamwasha mkononi. Namwelewa. Kwa wengi wetu simu ndiyo ofisi, ndiyo benki, ndiyo albamu ya familia, na bei yake inaweza kula mshahara wa miezi kadhaa. Ukikosea, utaishi na kosa lako kwa miaka mitatu.

Anayefuata mpira wa kwetu tayari ana ujuzi unaotakiwa. Dirisha la usajili likifunguliwa, mtu wa Simba au Yanga haamini kila anachosoma. Anauliza: nani kasema? Mchezaji kaonekana uwanja wa ndege, au kuna mtu kasikia tu kijiweni? Na hata akija, anacheza namba ambayo sisi tuna pengo? Tetesi za simu zinapimwa kwa maswali hayohayo.

Hatua ya 1: Anza na simu uliyonayo

Kabla hujafungua video yoyote, chukua wiki moja uandike kila kinachokukera kwenye simu yako ya sasa. Andika kabisa, kwenye karatasi. Betri inaisha saa ngapi? Kamera inakuangusha wakati gani, usiku au mchana? Simu inakwama ukifungua nini? Kisha ingia kwenye mipangilio, utazame matumizi ya betri na hifadhi.

Jirani yangu mmoja anauza vitenge kwa WhatsApp. Alishaamua kununua simu mpya kwa sababu "kamera imechoka". Tulikaa barazani kwake tukaifungua simu: hifadhi ya GB 128 ilikuwa imejaa pomoni, na sehemu kubwa ilikuwa video za magrupu ya harusi na vikoba ambazo hakuwahi hata kuzitazama. Kamera ilikuwa inakwama kwa kukosa nafasi ya kuandika picha. Tulifuta, tukasafisha lenzi kwa kitambaa cha miwani, akapiga picha ya kitenge kilichotandazwa kwenye mkeka, na rangi zikatoka kama alivyokuwa akizijua. Hela yake ilirudi kwenye mtaji.

Betri nayo ina hesabu yake. Kwa iPhone hadi toleo la 14, Apple wenyewe wanasema betri imetengenezwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia iPhone 15 wanasema mizunguko 1,000. Kama simu yako ina miaka mitatu na inazima kabla ya magharibi, huenda unachohitaji ni betri mpya kwa fundi unayemwamini.

Orodha yako ikibaki na mambo mawili au matatu ambayo simu ya sasa haiwezi kabisa kuyatatua, sasa una haki ya kusoma tetesi. Utazisoma ukitafuta hayo tu.

Hatua ya 2: Jua tetesi imetoka kwa nani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ushahidi mzito kuliko wote ni nyaraka za vyeti. Simu haiwezi kuuzwa Marekani bila kupita kwa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na China haiwezi kuuzwa bila kupita kwa TENAA, wanaotoa vyeti vya simu huko. Kuna pia cheti cha 3C cha China, ambacho mara nyingi huonyesha wati za chaja. Simu ikishafika hapo ipo kweli, na kwa kawaida zimebaki wiki au miezi michache itoke. Ila soma kwa makini. Nyaraka hizi mara nyingi huandika ujazo wa chini wa betri, wakati boksi huandika ujazo wa wastani. Galaxy S24 Ultra kwenye karatasi za vyeti ni mAh 4,855, na kwenye boksi ni 5,000. Ni betri ileile. Kila mwaka kuna watu wanaoona namba ya kwanza na kupiga kelele kwamba betri imepunguzwa.

Baada ya vyeti, michoro ya kiwandani. Watengenezaji wa makava wanahitaji vipimo vya simu mapema ili kava ziwe dukani siku ya uzinduzi, na vipimo hivyo huvuja. Ukurasa wa OnLeaks umejijengea jina kwa picha zinazotokana na michoro ya aina hiyo. Ukitaka kujua umbo la simu, unene wake na kamera zimekaaje, tetesi hizi hutimia mara nyingi. Lakini mchoro wa kava hauwezi kukuambia ubora wa picha wala betri itadumu saa ngapi.

Halafu kuna wachambuzi na waandishi wenye vyanzo ndani ya viwanda na kampuni, kama Ming-Chi Kuo na Mark Gurman wa Bloomberg. Hawa ni wazito, na bado tazama yaliyotokea. Agosti 2021 Kuo aliandika kwamba iPhone 13 ingeweza kuwasiliana na setilaiti. Iliyopewa huduma hiyo ni iPhone 14, mwaka mmoja baadaye, tena kwa nchi chache. Kabla ya iPhone 15 Pro zilitawala habari za vitufe visivyobonyea, vinavyotetema tu ukivigusa. Aprili 2023 Kuo huyohuyo akaripoti kuwa mpango umeachwa, na Septemba simu ikatoka na vitufe vya kawaida. Vitu vyote viwili vilikuwa vinafanyiwa kazi kweli. Kilichokosekana ni uhakika kwamba kitu kinachojaribiwa maabara kitafika dukani mwaka huo. Ndiyo maana mimi siahirishi ununuzi kwa sababu ya tetesi ya teknolojia mpya kabisa, hata kama aliyeisema ana heshima yake.

Matokeo ya vipimo vya kasi kama Geekbench yapunguzie uzito. Jina la simu kwenye vipimo hivyo linaweza kughushiwa, na hata yakiwa ya kweli, simu iliyopimwa ni ya majaribio.

Na zile picha zinazong'aa, simu haina kingo, kamera imejificha chini ya kioo, zipite tu. Ni kazi ya mchoraji.

Jambo moja zaidi kabla hatujasonga: hesabu vyanzo, usihesabu kurasa. Ukikuta habari imeandikwa sehemu kumi na tano, fuatilia nyuma. Mara nyingi zote zimenyonya kwenye chapisho moja la mtu mmoja. Hiyo ni tetesi moja yenye mwangwi kumi na tano.

Hatua ya 3: Tazama mwenendo wa kampuni

Chukua mfano wa simu kubwa za Samsung. S20 Ultra ya 2020 ilikuwa na betri ya mAh 5,000. S21 Ultra, 5,000. S22 Ultra, S23 Ultra, S24 Ultra, S25 Ultra: zote 5,000. Chaji ya waya ilikuwa wati 45 mwaka 2020, ikashuka hadi 25 kwa S21 Ultra, ikarudi 45 mwaka 2022 na kubaki hapohapo hadi S25 Ultra ya 2025. Ndani ya miaka hiyo tetesi za wati 65 zilirudi na kurudi. Aliyezisubiri alisubiri sana.

Kwa hiyo ukisoma tetesi, chukua dakika kumi uandike namba hiyohiyo kwa simu tatu au nne za nyuma za ukoo huo. Kama haijasogea kwa miaka minne, dai kwamba mwaka huu itaruka linahitaji ushahidi wa cheti. Na tazama pia tabia ya kuondoa vitu. iPhone 12 ya Oktoba 2020 ilikuja bila chaja ndani ya boksi. Galaxy S21 ya Januari 2021 nayo haikuwa na chaja, tena ikaondoa na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Tetesi za kuondolewa kitu huwa hazipendwi, watu huzibeza, na mara nyingi ndizo zinazotimia. Ukizisikia, anza kuweka akiba ya chaja pembeni.

Hatua ya 4: Ukiona kilichoongezwa, tafuta kilichopungua

Ndani ya simu mna nafasi finyu, na bei ina ukomo. Kitu kikiingia, kingine kinasogea.

Mwaka 2025 mtindo ulikuwa wembamba. Galaxy S25 Edge ilikuja na unene wa milimita 5.8, na iPhone Air milimita 5.6. Ukizishika zinapendeza sana mkononi. Sasa tazama bei ya wembamba huo: Edge ina betri ya mAh 3,900 na haina kamera ya kuvuta mbali, iPhone Air ina kamera moja tu nyuma, na haina spika ya chini, sauti yote inatoka kwenye ile ya juu unayoweka sikioni. Kama unarekodi mahubiri, unasikiliza mawaidha kwa sauti ukiwa jikoni, au unauza ardhi na unahitaji kuvuta picha ya bikoni iliyo mbali, wembamba huo unakugharimu.

Kamera ndiyo yenye udanganyifu mwingi wa namba. Sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ya megapikseli 200 kwa kawaida haikupi picha ya 200. Inaunganisha vitone 16 kuwa kimoja na kukupa picha ya takriban 12, ili mwanga wa kutosha upatikane. Kinachoamua picha ya usiku ni ukubwa wa sensa, lenzi, uwezo wa kutuliza mkono unaotetemeka na kazi ya programu. Wakati mwingine namba inashuka bila picha kuharibika: S24 Ultra iliacha lenzi ya kuvuta mara 10 yenye megapikseli 10, ikaweka ya mara 5 yenye megapikseli 50. Tetesi zilipovuja watu walilia kana kwamba wameporwa. Na kwenye simu za bei ya chini, ukiona kamera tatu nyuma, angalia kama mbili kati yake ni za megapikseli 2. Hizo ni pambo. Hesabu kwamba umenunua kamera moja.

RAM nayo, ile kumbukumbu ya muda inayobeba programu ulizofungua. Boksi linaandika "16GB" kwa maandishi makubwa, na chini kwa maandishi ya sisimizi: 8+8. Nane za pili ni hifadhi ya kawaida iliyokopwa ifanye kazi ya RAM, na hifadhi ni ya polepole kuliko RAM halisi kwa mbali. Wewe unanunua 8. Ulizia pia aina ya hifadhi: UFS ni ya kasi, eMMC ni ya zamani na utaihisi simu ikianza kujaa, picha zikifunguka kwa kusuasua.

Betri kubwa za mAh 6,000 na 7,000 ndani ya simu nyembamba zinatokana na kuchanganya silikoni na kaboni ndani ya betri, jambo lililoonekana kwenye simu kwa Honor Magic5 Pro ya soko la China mwaka 2023. Ni hatua nzuri kweli, na kwa mtu wa mkoani ambako umeme unakatika mimi ningeitanguliza kuliko kamera. Lakini soma hatua inayofuata kabla hujafurahi.

Kioo na prosesa sitavikalia. Kwa matumizi ya wengi, kioo cha Hz 120 (kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde) kinachoonekana juani kinatosha, na prosesa ya simu kubwa ya miaka miwili iliyopita bado ina nguvu za ziada.

Hatua ya 5: Uliza ni toleo gani litakalokufikia wewe

Tetesi nyingi zinahusu toleo la China au la Marekani. Wewe utanunua Kariakoo, au Nairobi, au utaletewa kutoka Dubai, na simu yenye jina lilelile inaweza kuwa kitu tofauti. Xiaomi 15 Ultra ya China ina betri ya mAh 6,000. Ya kimataifa ina 5,410. Galaxy S24 na S24+ zilitoka na prosesa ya Snapdragon kwa Marekani, Canada na China, na Exynos kwa sehemu kubwa ya dunia. S24 Ultra ilipewa Snapdragon kila mahali. Ukisoma sifa za chipu, hakikisha ndiyo itakayokuwa ndani ya simu yako.

Mwaka 2023 shemeji yangu alitumiwa iPhone 14 na mdogo wake aliyeko Marekani. Tukaenda nayo duka moja mtaa wa Aggrey ili wamwekee laini. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha ukucha ubavuni akitafuta kitundu cha pini. Akapitisha ubavu wa pili. Akaivua kava, akarudia tena. "Dada, hii haina mlango wa laini." Shemeji alikuwa ameishika laini yake kiganjani, ile namba aliyonayo tangu yuko chuo, yenye pesa zake na wateja wake wote. iPhone zinazouzwa Marekani tangu ile ya 14 hazina nafasi ya laini ya plastiki, zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu. Mdogo wake hakujua, na kwa nia njema kabisa alikuwa amelipa hela nyingi. Ilibidi aende duka la mtandao wake, kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, ndipo namba ihamishwe.

Jambo hili limetusogelea. iPhone Air haina nafasi ya laini popote duniani. Na iPhone 17 zinazouzwa Falme za Kiarabu, Oman, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo ni za eSIM pekee, wakati simu nyingi za kwetu zinapita Dubai. Kama unategemea kubadilisha laini kila mara, au kuna mzee kijijini atakayerithi simu yako, uliza toleo kabla ya rangi.

Kwa Samsung tazama herufi ya mwisho ya namba ya modeli kwenye mipangilio. SM-S928B ni S24 Ultra ya kimataifa, S928U ni ya Marekani, S928N ni ya Korea. Zile "used" za Korea ni nyingi sokoni na nyingi ni nzima, ila zimetengenezwa kutoa mlio wa kamera kila unapopiga picha, hata ukiweka kimya. Mpiga picha wa harusi au wa msibani atalijutia hilo. Na simu za China zenye mfumo wa China zinaweza kuua programu zikiwa nyuma, ujumbe wa WhatsApp ukafika pale tu unapoifungua.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya kusubiri

Majira yanajulikana. Galaxy S huzinduliwa mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari. iPhone kwa kawaida hutoka Septemba, ingawa mwaka 2020 ilichelewa hadi Oktoba. Kama zimebaki wiki sita au nane na simu yako bado inafanya kazi, subiri, hata kama huna nia na ile mpya: ya mwaka huu itashuka bei. Za Samsung huwa zinashuka haraka kuliko iPhone.

Zikibaki zaidi ya miezi miwili, weka namba mezani. Tuseme unatarajia simu ya 1,200,000 ishuke hadi 1,000,000 baada ya miezi minne. Kusubiri kunakulipa 50,000 kwa mwezi. Kama simu yako inazimika mchana na unakosa oda mbili tatu za wateja kila wiki, umeshapata jibu. Tena kushuka si lazima: tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazigombania, na gharama hiyo inaingia kwenye simu.

Aliyeamua kuchukua mpya kabisa ningemwomba avute subira mwezi mmoja hivi baada ya uzinduzi. Galaxy Note 7 ilitoka Agosti 2016 ikiwa na sifa ambazo kila tetesi ilizipamba. Betri zake zikawa zinashika moto, zikarudishwa, zilizobadilishwa nazo zikashika moto, na Oktoba ileile ikaondolewa sokoni. Hakuna karatasi ya sifa iliyoweza kumwonya mtu.

Pima pia miaka ya masasisho iliyobaki. Pixel 8 ya Google ya Oktoba 2023 na Galaxy S24 ya Januari 2024 ziliahidiwa miaka saba. S24 iliyotumika, toleo zuri, inalindwa hadi 2031. Binafsi, mtu mwenye hela ya simu mpya ya kati huwa namwelekeza huko kwanza.

Hatua ya 7: Siku ya kununua

Nenda mchana, na karatasi yako ya hatua ya kwanza ikiwa mfukoni, kwa sababu muuzaji atakupeleka kwenye simu nyingine. Piga *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa Tanzania, itume kwa ujumbe kwenda 15090 usubiri jibu. Simu bandia zilizimwa nchi nzima Juni 16, 2016. Kama ni iliyotumika, hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa kwanza imetolewa, simu ikawashwa upya mbele yako mpaka mwisho bila kudai nywila ya mtu.

Toka nayo nje mlangoni uione kioo juani. Rekodi video ya dakika mbili. Ichomeke chaji, uishike shavuni kama unavyoishika kila siku. Kisha weka laini yako mwenyewe, piga simu nyumbani, waulize kama wanakusikia vizuri. Wakisema ndiyo, toa hela.